Sura ya Saba: Oili Ipi, Filta Ipi?

"Kijitabu cha gari kinasema 5W-30, lakini fundi ananiambia niweke 20W-50 kwa kuwa huku kwetu ni joto. Nimsikilize nani?"

Sijui swali ambalo wenye magari hulirudia kuliko hili, iwe kwenye maduka ya spea ya Kariakoo au ya Kirinyaga Road, Nairobi. Jibu langu ni kijitabu. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mtu aliyesimama mbele ya rafu iliyojaa galoni za kila rangi, muuzaji akimharakisha. Kwa hiyo sura hii itaeleza kwanza maana ya kile kilichoandikwa kwenye galoni hizo, kisha itaingia kwenye kitu tunachokidharau sana, filta ya hewa. Vitu hivi viwili vinakaa sura moja kwa sababu ni jambo moja. Vumbi linalopenya filta ya hewa hushuka kwenye kuta za silinda na kuingia ndani ya oili, na likishafika humo, hata oili ya bei ya juu kabisa inaanza kusaga vyuma ilivyowekewa ivilinde.

Kazi ya oili

Ndani ya injini vyuma vinavyozunguka havitakiwi kugusana. Chukua krenki, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko. Krenki hailali juu ya beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili ambao, mzigo unapokuwa mkubwa, unene wake hubaki mikroni chache tu. Mikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Utando huo mwembamba ukikatika, ndipo injini inaponoki.

Oili pia hubeba joto, hubeba masizi, huzuia kutu na huziba nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na silinda. Kwenye injini za siku hizi imeongezewa kazi nyingine ambayo injini za zamani hazikuwa nayo. VVT-i ya Toyota, ule mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, husukumwa na oili hiyohiyo kupitia vitundu na vichujio vyembamba sana. Oili isiyo sahihi au iliyojaa uchafu huufanya mfumo huo uchelewe kuitikia, na dereva huona gari zito bila kujua sababu.

Namba mbili na herufi W

Maandishi makubwa ya 5W-30, 10W-40, 15W-40 au 20W-50 yalipangwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Yanapima kitu kimoja tu: mnato wa oili, ambao mafundi wetu huuita uzito. Oili ni kama uji: ukiwa wa moto unamiminika, ukipoa unakuwa mzito. Ndiyo maana inapimwa mara mbili, ikiwa baridi na ikiwa moto.

Namba yenye W ni ya baridi; herufi hiyo imetokana na jina la majira ya baridi kwa Kiingereza. Namba ikiwa ndogo, oili inazunguka kwa wepesi zaidi gari linapowashwa kwenye baridi. Oili ya 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ile ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ni mnato wa oili kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, joto linalokaribiana na la oili injini ikiwa kazini.

Wengi hudhani 5W-30 ni "maji" kwa nchi yenye joto. Haiko hivyo. Asubuhi ya Dar es Salaam yenye nyuzi 28, oili hiyo unayoiita nyepesi ina mnato wa takriban mara kumi ya ule itakaokuwa nao injini ikishapata moto. Maana yake, injini yako inapowaka asubuhi tatizo lake huwa ni oili nzito mno, wala si nyepesi mno. Ukiweka 20W-50 umeongeza uzito huo zaidi ya mara mbili, katika sekunde zilezile ambazo sehemu za juu za injini zinaisubiri oili ipande.

Joto la nje na joto la ndani

Hoja ya fundi kwamba "nchi yetu ni ya joto" inasikika vizuri, lakini inaisahau thamostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia au kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, na kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lilelile, kama nyuzi 90, gari liwe linaendeshwa Tanga au Sapporo kwenye theluji. Mfumo wa kupoza ukiwa mzima, namba ya pili haina sababu ya kupanda kwa ajili ya jua la nje. Kama injini inachemsha, dawa yake iko kwenye rejeta, feni, thamostati au gasketi. Haiko kwenye galoni.

Ushauri wa 20W-50 haukutoka hewani, na mafundi waliotufundisha hawakuwa wajinga. Enzi za Peugeot 504 na Land Rover za kabureta, nafasi kati ya vyuma zilikuwa kubwa zaidi na oili nzito ilikuwa ndiyo sahihi. Magari yalibadilika, ushauri ukabaki. Hata hivyo, baadhi ya vijitabu vya Toyota vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za joto vina jedwali linaloruhusu 15W-40 au 20W-50 kwa injini fulani. Kama kijitabu cha gari lako kinasema hivyo, umepewa ruhusa na waliolitengeneza. Lakini mwenye Aqua au Honda Fit iliyoandikiwa 0W-20 asikubali kabisa kuwekewa 20W-50. Pampu, matundu na nafasi za injini hizo zilipimwa kwa oili nyepesi.

Walioko Njombe, Makete au Limuru wana sababu ya ziada ya kuitazama namba ya kwanza, kwa sababu asubuhi za Juni na Julai huko huwa na baridi kali.

Vipi kuhusu injini iliyochoka, inayokula oili? Hapo nakubali kuongeza uzito, lakini kwa hatua moja: kutoka 30 kwenda 40. Pima kwanza. Toyota huandika kwenye vijitabu vyake kwamba injini isizidi kula lita 1 kwa kilomita 1,000. Ikifika hapo, ringi au sili za valvu zimekwisha, na oili nzito inaficha ugonjwa kwa miezi michache tu.

*Kwa kifupi:* namba ya kwanza ni ya kuwasha, ya pili ni ya kazi. Zote mbili zinatoka kwenye kijitabu, wala hazitoki angani.

Pa kuipata namba sahihi

"Gari langu limetoka Japani, kijitabu ni cha Kijapani." Kifungue tu. Tarakimu ndani yake ni hizihizi tunazotumia, na ukurasa wa vipimo uko mwishoni. Utaona 0W-20 au 5W-30 imesimama wazi katikati ya maandishi usiyoyajua, na pembeni yake kiasi cha oili kwa lita. Ukikosa kijitabu, fungua boneti uangalie kifuniko cha mahali pa kumiminia oili. Magari mengi ya miaka ya karibuni yameandikwa namba palepale.

Angalia na hicho kiasi. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Probox na magari mengine mengi ya lita 1.5, huchukua lita 3.7 pamoja na filta ya oili. Galoni ina lita 4. Kwa kuwa umeilipia, fundi humimina yote. Oili ikizidi sana, krenki huichapa hadi itoe povu, na povu halishikilii utando. Mwambie abakize kidogo hicho, ukifunge vizuri na kukiweka kwenye buti kwa ajili ya kuongezea. Kisha pima kwa kijiti gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa, injini imezimwa dakika kadhaa. Oili isivuke F, alama ya kujaa.

Herufi ndogo zinazopitwa na macho

Ukinitaka nichague maandishi mawili tu ya kusoma kwenye galoni, nitachukua namba ya uzito na herufi za API. Hii ni taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga ubora wa oili kwa herufi mbili. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili ni ya injini za petroli. Ikiwa C, ni ya dizeli. Herufi ya pili inapanda kadiri ubora unavyopanda, kwa hiyo SN, iliyoanza mwaka 2010, ni bora kuliko SL, na SP ya mwaka 2020 ni bora kuliko SN.

Hapa ndipo wanunuzi wanapoumizwa bila kujua. Galoni yaweza kung'aa, ikawa na picha ya gari la mbio, na nyuma kwa herufi ndogo ikaandikwa SF. API yenyewe inasema oili ya SF haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na SG haifai kwa zilizotengenezwa baada ya mwaka 1993. Unaweza kuwa na uzito sahihi kabisa, 5W-30 kamili, na bado ukawa umenunua oili ya kizazi kilichopita. Kwa gari la petroli linaloingia nchini leo, tafuta SN au SP.

Wenye dizeli watafute CI-4 au CK-4, ila wenye Mazda Demio au CX-5 za dizeli wasimame kidogo. Magari hayo yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Oili ya kawaida ikiungua huacha majivu ambayo chujio hilo haliwezi kuyachoma, yanajikusanya hadi linaziba. Linahitaji oili yenye majivu kidogo, na kwa dizeli za Japani alama yake ni DL-1. Muuzaji akikwambia "dizeli ni dizeli", nenda duka jingine.

Ya madini au ya sinthetiki?

Oili ya madini hutokana moja kwa moja na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Ya sinthetiki hutengenezwa kiwandani kwa kupanga upya chembe zake, hivyo hustahimili joto na hukaa muda mrefu kabla ya kuharibika. Nusu-sinthetiki ni mchanganyiko wa hizo mbili. Sinthetiki ni bora, na kwa injini zenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani kwa nguvu na kuzunguka kwenye joto kali, nisingeshauri kingine. Kwa injini ya kawaida, ninasema bila kusita: oili ya madini yenye API nzuri inayomwagwa kwa wakati ni bora kuliko sinthetiki ya bei mbaya inayoachwa mwaka mzima kwa sababu ilikuwa ghali.

Na usiihukumu oili kwa rangi. Oili nzuri ina sabuni ndani yake, huosha masizi na kuyabeba. Kuwa nyeusi ni dalili kwamba inafanya kazi, na kwenye dizeli hutokea mapema sana. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa. Ukiiona kwenye kijiti, maji yameingia kwenye oili, na gari lisiwashwe tena hadi fundi aitazame gasketi.

Filta ya oili ibadilishwe kila unapomwaga oili. Filta duni haina valvu imara ya mpira inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Utaijua kwa mlio wa vyuma unaosikika kila asubuhi kwa sekunde chache kabla ya kutulia.

Filta ya hewa: adui ni vumbi

Sasa tufike mahali ambapo injini nyingi za Afrika Mashariki hufia. Ili kuunguza lita 1 ya petroli, injini huvuta hewa kama lita 9,000, ambayo ingejaza zaidi ya mapipa 40 yale ya lita 210. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 limevuta hewa lita 72,000 katika safari hiyo. Kwenye lami baada ya mvua, hewa hiyo ni safi. Kwenye barabara ya kifusi mwezi wa Septemba, nyuma ya lori, imejaa vumbi ambalo sehemu yake kubwa ni kwatzi, yaani mchanga wa kioo, mgumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile za mikroni 5 hadi 20, ambazo jicho halizioni moja moja. Zinatosha kabisa kuukata ule utando tuliouzungumzia mwanzo.

Filta ya hewa, ambayo mafundi wengi huiita ea klina, ni karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa, yenye mpira laini kuizunguka pembeni. Watu huitazama karatasi, mimi nakusihi utazame mpira. Filta bandia mara nyingi huwa fupi kwa milimita chache au mpira wake ni mgumu, na boksi likifungwa hubaki upenyo pembeni. Hewa hufuata njia rahisi, kwa hiyo itapita kwenye upenyo huo na vumbi lake lote. Klipu ya boksi iliyovunjika na kufungwa kwa waya huleta matokeo hayohayo.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine. Toa filta, chukua kitambaa cheupe kikavu, kisha pangusa ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye injini, ule wa upande wa baada ya filta. Kitambaa kikitoka safi, au na weusi kidogo wa mafuta, uko salama. Kikitoka na wekundu wa udongo, vumbi linapita, na kubadilisha oili hakutasaidia chochote hadi upenyo upatikane. Kagua mpira wa filta, klipu, mfuniko na nyufa kwenye mpira wa hewa, kwa utaratibu huo.

Kupuliza kwa kompresa

Kila gereji hupuliza filta kwa upepo, na mwenye gari huona amehudumiwa. Chanzo cha desturi hii ni ubahili. Upepo mkali wa kompresa huitoboa karatasi matundu usiyoyaona, na ukipulizwa kutoka upande wa nje husukuma vumbi liingie ndani zaidi. Ukilazimika kabisa, kwa mfano uko Loliondo na duka liko mbali, gonga filta taratibu kwenye tairi, kisha puliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Halafu imulike kwa tochi kutoka ndani. Ukiona nukta zinazong'aa kuliko sehemu nyingine, itupe.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba filta yenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko mpya kabisa, kwa sababu vumbi la kwanza huziba vitundu vikubwa na kuongeza uchujaji. Kwa hiyo kuifungua kila wiki ni hasara; kila unapofungua boksi unakaribisha vumbi upande safi.

Filta iliyoziba nayo ina madhara yake. Gari la kabureta hula mafuta zaidi. Gari la injekta hupima hewa kwa sensa na kupunguza petroli ipasavyo, kwa hiyo ulaji haubadiliki sana, ila linakosa nguvu kwenye kilima. Dizeli hutoa moshi mweusi. Filta za kitambaa zinazopakwa mafuta, zile za kuoshwa, sizishauri kwa barabara zetu: mafuta yakizidi huchafua sensa ya hewa, na yakipungua vumbi linapita.

Usichanganye filta hii na ile ya AC iliyo nyuma ya droo ya dashibodi. Hiyo inalinda mapafu yako. Injini haiijui.

Lini?

Toyota huko Japani husema oili ya injini ya petroli isiyo na tabo imwagwe kila kilomita 15,000 au mwaka 1, na filta ya hewa ibadilishwe kila kilomita 50,000. Katika mazingira magumu, vipimo vyote hivyo hupunguzwa kwa nusu. Mazingira magumu ni vumbi, barabara mbovu, safari fupifupi na mwendo wa polepole kwenye foleni. Huo ni wasifu wa maisha yetu ya kila siku.

Foleni huficha umri wa oili. Gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa litatumia saa 250 kufikisha kilomita 5,000. Linalosafiri kwa kilomita 80 kwa saa litafika hapo kwa saa 62 na nusu. Dashibodi inaonyesha namba moja, lakini oili ya gari la foleni imefanya kazi mara nne.

Vipimo ninavyoshauri ni hivi:

- Oili ya madini: kila kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia.
- Sinthetiki: kila kilomita 7,500 au miezi 6.
- Filta ya hewa, gari la mjini: kagua kila servisi, badilisha isizidi kilomita 25,000.
- Filta ya hewa, gari la barabara za vumbi: kagua kila servisi, na usishangae ikitaka kubadilishwa kwenye kilomita 10,000.

Galoni feki na oili chafu

Oili bandia hutegemea galoni halisi. Galoni tupu huokotwa gereji, hujazwa oili isiyojulikana, mara nyingine oili chafu iliyochujwa tu, na kurudishwa rafuni. Nunua kwenye kituo cha mafuta au kwa wakala anayejulikana, dai risiti, tafuta alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, na uone mfuniko ukikatwa mbele yako. Bei ikiwa chini mno kuliko madukani kwingine, hiyo ni sababu tosha ya kuondoka.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala chini ya mwembe. Ina chembe za vyuma na sumu, inaharibu maji ya kisima, na ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta saratani. Ikusanywe kwenye dumu na kukabidhiwa kwa wanaoikusanya kihalali. Na kabla hujaondoka gereji, omba bisibisi, uitoboe ile galoni tupu sehemu mbili au tatu, kisha ukwangue lebo yake.